Uzi: Mkongo ukatike Durban, tovuti ya duka la Kariakoo igome kufunguka Sinza. Kwa nini?

Mwananyuzi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila intaneti ikisuasua, humu jamvini huanzishwa nyuzi kumi za kutukana kampuni za simu, na uzi wa kumi na moja wa mtu anayedai papa kala waya. Mimi riziki yangu ni mitandao: kuvuta faiba maofisini, kubembeleza ruta usiku wakati wengine mmelala. Nimechoka kuandika jibu lilelile kwenye kila uzi, naliweka lote hapa. Ni refu, mwenye bando la kuungaunga asome kesho.

Turudi Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Asubuhi ile mikongo miwili ya baharini (nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari), EASSy na Seacom, ilikatika siku moja kaskazini ya Durban, Afrika Kusini. Haikupita muda Tanzania, Msumbiji, Malawi na Madagaska zikawa zinatambaa. Waziri wetu wa habari wa wakati ule, Nape Nnauye, akatangaza kwamba hitilafu iko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Watu wakauliza swali la maana kabisa: waya umekatika Durban, sisi wa Dar unatuhusu nini? Si kuna upande wa kaskazini unaokwenda Ulaya kupitia Bahari ya Shamu?

Upo. Ila kaskazini kulikuwa kumeshaharibika tangu Februari. Tarehe 18 mwezi huo meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, wapiganaji wa Yemen. Mabaharia wakashusha nanga, wakaokolewa, meli wakaiacha. Ikabaki inasukumwa na maji huku nanga ikilima sakafu ya bahari, hadi ikazama tarehe 2 Machi. Katika siku hizo mikongo mitatu ilikatika njia hiyohiyo: Seacom, AAE-1 na EIG, na mshukiwa mkuu ni nanga hiyo. Kuitengeneza kukawa mtihani mwingine, maana meli ya ukarabati haiingii maji ya Yemen bila kibali, na Yemen ina serikali mbili zinazopigana. Utaomba kwa nani? AAE-1 ilisubiri hadi Julai.

Katikati hapo, tarehe 14 Machi, mikongo minne ya pwani ya magharibi (WACS, MainOne, ACE na SAT-3) ikakatika nje ya Abidjan. Kwa hiyo Mei ilipofika, mzigo mkubwa wa intaneti uliokuwa unapita kaskazini ulikuwa umeshahamishiwa kusini. Kusini kulipokatika, hapakuwa na pa kukimbilia.

Wenye kumbukumbu watasema hii filamu waliishaiona. Tarehe 17 Februari 2012 mikongo mitatu ilikatika Bahari ya Shamu, EASSy ikiwamo. Siku chache baadaye, tarehe 25, meli iliyokuwa inasubiri zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ikashusha nanga mahali pasiporuhusiwa na kukata TEAMS, mkongo ambao Kenya iliutegemea kama njia mbadala. Kenya, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Sudan Kusini na sisi wenyewe tukahangaika. Miaka 12 mbele, yaleyale.

Sasa hoja yangu, na ndiyo sababu ya uzi huu. Mikongo itakatika. Kamati ya kimataifa ya ulinzi wa mikongo, ICPC, inasema duniani kote huharibika kati ya mara 150 na 200 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni nanga na nyavu za uvuvi. Hakuna waziri wala kampuni itakayozuia hilo. Tunaloweza kulibadilisha ni jingine: vitu vyetu wenyewe, vya kutumiwa na sisi wenyewe, tumekwenda kuvitunza ng'ambo.

Ile Mei nilipigiwa na mteja wangu mwenye duka la vipuri Kariakoo. Programu yake ya mauzo imegoma. Kompyuta anayo mezani, stoo iko ghorofa ya juu, mnunuzi kasimama mbele yake na noti mkononi, na yeye hajui kama bearing za Noah zimebaki au zimeisha, kwa sababu hesabu ya stoo yake inakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kukodi, huko Ulaya. Mtu akiuza bearing Kariakoo, habari zinasafiri maelfu ya kilomita kwenda kuandikwa na kurudi. Mnunuzi akachoka kusubiri, akamtumia hela kwa simu, kabonyeza nyota na namba zake, dakika moja ujumbe umeingia. Ile imefanya kazi kwa sababu USSD, hiyo huduma ya kubonyeza nyota, haiendi popote, inaishia kwenye mitambo ya kampuni ya simu hapahapa nchini.

Mambo mawili kwenye kaunta moja. Moja lilijengwa likae nyumbani, jingine likapelekwa nje kwa sababu ilikuwa nafuu kwa dola chache.

Nawasilisha. Karibuni, ila wa papa aje na ushahidi.

---

MamaDuka_Sinza

Mkuu umeeleweka. Mimi nina swali la mtu asiye mtaalamu. Bahari yote ile, wanajuaje pamekatika wapi? Na wanaushikaje waya ulio chini kilomita na kilomita?

---

Mwananyuzi

Dada, hapa ndipo ninapopapenda, nivumilie.

Anza na mkongo wenyewe. Watu wanadhani ni dubwana nene. Kwenye kina kirefu ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani, kipenyo sentimita 2 hivi. Katikati kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zimezungukwa na nyaya za chuma na bomba la shaba, juu plastiki nzito. Ukikaribia pwani ndipo unavikwa chuma juu ya chuma na kufukiwa mchangani, kwa sababu hatari iko huko kwenye maji mafupi penye meli na wavuvi. Ile shaba kazi yake ni kupeleka umeme. Kila baada ya kilomita 60 hadi 100 kuna kifaa cha kukuza mwanga, vinginevyo ungefifia njiani, na vifaa hivyo vyote vinakula umeme unaosukumwa kutoka nchi kavu kwa maelfu ya volti.

Kupajua palipokatika: mtaalamu aliye kwenye kituo cha pwani anapiga mwanga ndani ya unyuzi. Mwanga ukifika penye jeraha, sehemu yake inarudi. Ndani ya kioo mwanga unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukipima muda wa kwenda na kurudi unapata umbali. Wanapima na umeme pia. Wanatoka na jibu la kukaribia sana.

Kisha meli. Kwa Afrika meli inayotajwa kila mara ni Léon Thévenin ya Orange Marine, imeundwa mwaka 1983, maskani yake Cape Town. Hiyohiyo ilitoka kushughulikia Abidjan kule magharibi, ikarudi, ikaitwa na huku kwetu. Ikifika juu ya eneo inashusha ndoana kubwa ya chuma kwa mnyororo na kuikokota polepole kukatiza njia ya mkongo mpaka inase. Hapo wanapandisha ncha moja, wanaipima kuhakikisha upande huo ni mzima, wanaifunga kwenye boya na kuiacha inaelea. Wanakwenda kutafuta ncha ya pili.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Zile ncha mbili ukizivuta hadi juu ya maji hazikutani tena. Mkongo ulilazwa chini bila ziada ya kutosha kupanda kilomita mbili au tatu na kushuka. Kwa hiyo meli inabeba mkongo wa akiba, inaunga kipande kati ya ncha na ncha. Mafundi wanakaa kwenye chumba kisafi ndani ya meli, wanayeyusha kioo kwa kioo, unyuzi mmoja mmoja, wanafunika, wanapiga eksirei kiungo kuona kama plastiki imeshika bila kiputo cha hewa. Ni kazi ya saa nyingi na bahari ikichafuka wanasimama. Mwisho wanauachia ushuke, ukilala umetanua pembeni. Mkongo uliotengenezwa unakuwa mrefu kuliko ulivyozaliwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "kwa nini wanachukua wiki mbili", ujue kuunga kwenyewe ni siku chache. Nyingine zote ni meli kupakia, kusafiri, vibali na hali ya hewa.

---

Nyota_Tano

Porojo zote hizi za nini? Starlink ipo. Weka sahani juu ya bati, habari ya mikongo imekwisha. Rwanda wanayo tangu 2023, Kenya pia. Nyinyi mafundi wa faiba mnatetea ugali wenu tu.

---

Mwananyuzi

Ugali nautetea, sikatai, nina watoto.

Lakini twende taratibu. Starlink ni kitu kizuri na kwa mtu wa Ngorongoro au kisiwani Ukerewe ni mkombozi. Satelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, siyo zile za zamani za kilomita 36,000 ambazo ukiongea unasubiri sauti irudi. Sasa jiulize satelaiti inaipata wapi YouTube? Haina YouTube tumboni. Inashusha mzigo kwenye kituo cha ardhini, na kituo kile kimeunganishwa na faiba, faiba ile inakwenda kwenye mkongo uleule. Watumiaji wa Kenya kabla ya kufunguliwa kituo cha Nairobi Januari 2025, mzigo wao ulikuwa unaingia intaneti kupitia mbali, Lagos ikiwamo. Mtu wa Westlands anaangalia tovuti ya Nairobi kwa kupitia Nigeria. Ni ugonjwa uleule ninaousema, umepanda tu angani. Kweli, satelaiti mpya zinapeana mzigo kwa leza angani, kwa hiyo mkongo wa karibu ukikatika zinaweza kushushia kwingine. Kama njia ya akiba hapo nakupa alama zako zote.

Jambo la pili ni ujazo. 2Africa, mkongo wa kina Meta wenye Facebook, umebuniwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde, na terabiti moja ni gigabiti 1,000. Satelaiti moja ya Starlink ya kizazi cha karibuni ni kama gigabiti 100, na hizo zinagawanywa kwa kila mtu aliye chini yake. Ndiyo maana Novemba 2024 Nairobi waliandikiwa kwamba nafasi zimejaa.

---

Nyota_Tano

Haya, gigabiti umeniweza. Ila siku faiba yako imekatika na sahani yangu inawaka usije kuomba nywila.

---

Kaka_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Hiyo ya 2012 naikumbuka vizuri, nilikuwa na saiba kafe karibu na feri. Wateja walikuwa wananiuliza kama sijalipa bili.

Lakini ndugu yangu, ile ya Mei 2024 sisi huku hatukuumia kama nyinyi. Intaneti ilikuwa chovu, ndio, lakini baadaye mambo yakarudi mapema. Mbona tofauti, na bahari ni hii moja?

---

Mwananyuzi

Kaka, hesabu kebo zinazotua Mombasa. TEAMS inayokwenda Fujairah, Seacom, EASSy, LION2, DARE1 inayopitia Mogadishu kwenda Djibouti, na PEACE. Dar kwa wakati ule tulikuwa tunaegemea hizohizo mbili zilizokatika. 2Africa ulishatua Dar tangu 2023, lakini mkongo kutua pwani ni jambo moja na kuwashwa ni jingine. TEAMS haipiti Bahari ya Shamu hata kidogo, inakwenda moja kwa moja Ghuba. Serikali ya Kibaki iliamua kuujenga wakati mazungumzo ya EASSy yanavutana, watu wakasema ni kiburi na kupoteza hela. Juni 2009 Kibaki akaupokea hapo kwenu. Kila kaskazini kukiharibika naukumbuka uamuzi ule.

Sababu ya pili nadhani kuna mtu wa Nairobi humu anaijua kuliko mimi.

---

Mzee wa Swichi

Nimeitwa, nimefika. Niko Nairobi, kazi hii nimeifanya tangu wakati modemu zinapiga kelele.

Vijana hamjui kwamba barua pepe kutoka Moi Avenue kwenda Kenyatta Avenue ilikuwa inapitia Marekani kwa satelaiti. Kila kampuni ya intaneti ilikuwa na sahani yake, na hakuna aliyeunganishwa na mwenzake. Mwaka 2000 makampuni yakakubaliana: tuweke swichi moja, kila mmoja avute waya wake mpaka pale, mzigo wa Kenya uishie Kenya. Ndiyo KIXP. Ikawashwa mwisho wa Novemba mwaka ule. Hazikupita wiki mbili, Telkom Kenya wakalalamika kwa mdhibiti kwamba inaingilia haki yao ya peke yao ya kupitisha mawasiliano. Ikafungwa. Swichi ndogo inayotosha juu ya meza ikafungwa kama kiwanda cha chang'aa.

Makampuni yakapambana, kesi, barua, vikao. Februari 2002 ikawashwa tena na haijazimwa mpaka leo.

Sasa tazameni. Utafiti wa Internet Society wa 2020 ulionyesha kwamba mwaka 2012 mzigo wa Kenya uliopatikana humohumo nchini ulikuwa kama asilimia 30, na kufikia 2020 umefika asilimia 70. Si kwamba Wakenya waliandika tovuti nyingi ghafla, hasha. Google, Netflix, Facebook na wenzao waliweka masanduku yao Nairobi. Video inayotazamwa na wengi inakuwa imeshahifadhiwa hapa, haiitwi kutoka Ulaya kila mara. Waya ukikatika Durban, hiyo haijui.

Wa Tanzania nanyi mnayo swichi ya namna hiyo, TIX, hapo Dar kwa zaidi ya miaka ishirini, na Arusha kuna nyingine. Swichi mnazo. Swali ni nani anaweka kitu chenye maana nyuma ya swichi hizo.

---

Mwananyuzi

Mzee, shikamoo. Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalizunguka. Kituo cha Taifa cha Data kipo Kijitonyama, mkongo wa taifa wa nchi kavu unafika mikoani na kuuza uwezo hadi kwa majirani. Miundombinu siyo visingizio tena. Ila kijana akitengeneza tovuti ya shule ya Mbagala anafungua kompyuta na kulipia seva ya Ulaya kwa kadi, dola chache kwa mwezi, dakika tano imemalizika. Akitaka hapa nyumbani aandike barua, ajaze fomu, apigiwe simu wiki ijayo, alipe zaidi. Sasa nani wa kumlaumu yule kijana?

---

Mpemba wa Maskati

Assalaam alaykum wadau. Niko Oman mwaka wa kumi na kitu sasa. Naona mnazungumza Bahari ya Shamu kama ni shida ya Afrika peke yake. Septemba 2025, karibu na Jeddah, mikongo ya SMW4 na IMEWE ilikatika. India, Pakistan na Imarati wakalia. Hata Microsoft walitoa taarifa kwamba wateja wa Azure, huduma yao ya kukodisha seva, wanaopita Mashariki ya Kati wataona uzito. Wote wakafikiria vita, halafu ICPC wakasema inaelekea ni meli ya biashara iliyokokota nanga. Na pale maji ni mafupi na meli ni nyingi, atakaye kutoka Asia kwenda Ulaya apite mlango ule ule.

Watu wa Ghuba sasa wanataka kupitisha mikongo nchi kavu, Oman na Saudia kwenda Mediterania, wauruke ule mlango.

Na kuhusu 2Africa, yule dubwana wa kilomita 45,000. Novemba 2025 Meta walitangaza kwamba sehemu kuu imekamilika. Bahari ya Shamu bado. Pesa zote zile na waya umesimama mlangoni.

---

Kijiwe Makini

Mnaongea nanga nanga. Hamuoni haya mambo yanapangwa? Kule Bahari ya Baltiki, Ulaya, 2024 mikongo imekatwa, meli za watu zimekamatwa. Huku kwetu tuamini ni nanga?

---

Mwananyuzi

Mkuu, Baltiki kuna maswali ya haki kabisa, Novemba na Desemba 2024 meli zilichunguzwa na hata hapo nanga ndiyo iliyotajwa. Lakini ukiwa na ajali zaidi ya 150 kwa mwaka huhitaji jasusi kueleza kila moja. Mwaka 2011 bibi wa miaka 75 nchini Georgia alikuwa anachimbua shaba ya kuuza, jembe likapitia faiba, Armenia karibu nzima ikakosa intaneti kwa saa kadhaa. Bibi alisema hata hajui intaneti ni nini.

---

Kijiwe Makini

Sawa. Na Oktoba 2025 intaneti ilipozima kwetu? Nayo nanga?

---

Mwananyuzi

Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata mikongo ilikuwa mizima. Ule ni uzi mwingine. Unapoona nchi moja imezima na majirani wanaoshiriki mkongo uleule wanapeta, jibu unalo.

---

Mwana wa Lubumbashi

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, huku intaneti tunaipata zaidi kwa kupitia Zambia, kwa hiyo Durban ikikohoa na sisi tunapata homa. Lakini nataka kuongeza jambo moja ambalo hamukusema. Si nanga tu. Kule mlangoni mwa mto Kongo kuna bonde refu sana chini ya bahari. Januari 2020 udongo na mchanga wa mto uliporomoka ndani ya bonde lile ukakimbia zaidi ya kilomita 1,100 chini ya maji, ukakata mikongo ya WACS na SAT-3. Agosti 2023 tena, palepale. Na wataalamu wanasema hata ile ya Abidjan ya Machi 2024 inaelekea ni maporomoko ya namna hiyo, maana na pale kuna bonde la chini ya bahari.

Mafuriko ya mto yanatoka Kisangani na Kasai, yanakwenda kukata intaneti ya Cape Town. Mungu ana mambo.

---

Mwananyuzi

Ahsante sana kaka, hii ilistahili uzi wake. Wanasayansi walikuwa wameweka vifaa mle bondeni na vingine vikabebwa na yale maporomoko, vikaibuka juu ya maji mbali kabisa. Ndivyo walivyojua kasi yake.

Nje ya mada kidogo: mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa simu za maandishi kutoka Aden kuja Zanzibar, Msumbiji hadi Durban. Angalia ramani ya Seacom ya 2009, halafu angalia ile. Miaka 130, njia karibu ileile, na meli bado zinatumia ndoana.

---

MamaDuka_Sinza

Mimi nimebaki na la duka langu. Nina tovuti, kijana wa mtaani alinitengenezea nauza vitenge na mashuka. Nitajuaje inakaa wapi? Maana kila mwaka nalipa tu.

---

Mwananyuzi

Dada, kwenye kompyuta ya Windows fungua lile dirisha jeusi la maandishi, andika tracert, acha nafasi, andika jina la tovuti yako, bonyeza Enter. Itakuorodheshea kila kituo data yako inapopita, na pembeni namba za milisekunde. Ukiwa Dar na tovuti iko Dar, namba zitakuwa chini ya 10 au zinakaribia hapo. Ikiwa Johannesburg utaona kama 50 au 60. Ikiwa Ulaya, 150 na kitu. Marekani inapita 200. Mwanga haujui kudanganya, kilomita ni kilomita. Angalizo: ukiona namba ndogo lakini jina la kampuni kubwa ya kimataifa, huenda ni nakala tu imehifadhiwa karibu, seva yenyewe iko mbali. Hapo muulize aliyekutengenezea.

---

MamaDuka_Sinza

Mwanangu wa kidato cha tatu amenisaidia. Inaanza 2, 4, 9, halafu inaruka 61, halafu 168 mpaka mwisho. Inaishia kwenye jina lina herufi "fra" katikati.

---

Mwananyuzi

Frankfurt, Ujerumani. Mashuka yako ya Sinza yanakaa Frankfurt dada.

Usiihamishe leo kwa papara. Fanya mawili. Kwanza mwambie kijana akupe nakala kamili ya tovuti na orodha ya bidhaa, iwe kwenye kompyuta yako na flashi, irudiwe kila mwezi. Pili, muulize jina la tovuti limesajiliwa kwa nani, kwako au kwake. Hapo wengi wanapigwa, na mkongo hauhusiki kabisa. Ukishapata hayo mawili nitafute inbox, nitakupa majina ya wanaouza seva hapa Dar, ulinganishe bei mwenyewe.

---

Nyota_Tano

Na mimi nimepima. Ya ofisini kwetu, ofisi yenye bendera mlangoni na anwani inayoishia na go.tz. Milisekunde 7.

---

Mwananyuzi

Hiyo iko nyumbani. Sasa pima na programu mnayojazia mahudhurio asubuhi, uje utuambie.

---

Nyota_Tano

174.